Sura ya Saba: Bledi Butu kwa Njia ya Changarawe

Bledi ya nyuma ya trekta iliundwa ikate udongo. Kazi yake ya asili ni kusawazisha njia ya shamba, kuchonga mtaro wa maji, na kurudisha katikati changarawe iliyosukumwa pembeni na magurudumu. Ndiyo maana makali yake ya chuma yako chini kabisa, wima na tayari. Ifunge kwenye trekta mwezi wa Novemba katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, uishushe juu ya sentimita 15 za theluji mbichi, nayo itafanya kile ilichoundiwa. Itaipasua theluji bila taabu, izame kwenye changarawe ambayo bado haijaganda, na kuisomba yote pamoja hadi kwenye nyasi. Aprili theluji ikiyeyuka, utakuta kokoto ulizonunua kwa lori zimetawanyika uwanjani, na njia yenyewe imebaki mashimo na tope. Kazi ya kuzirudisha ni ya reki na mikono.

Wenye njia za lami hawaijui tabu hii. Lami ni ngumu na tambarare. Chuma kinaikwangua mpaka inabaki nyeusi, na jua kidogo likitoka inakauka. Lakini ukitoka Portland au Lewiston kidogo tu, lami inaishia kwenye barabara ya mji, na kutoka hapo hadi mlangoni kwa mtu ni mita 50, 100, wakati mwingine 300 za changarawe. Huko ndiko ardhi ya kulima iliko, na huko ndiko wanakoangalia watu wetu waliochoka kukaa ghorofani. Wakongo, Warundi na Wanyarwanda ni wengi katika miji hiyo miwili. Wasomali Wabantu, ambao wengi wao walipitia kambi za Kenya na Kiswahili wanakisikia, wana shamba la jumuiya katika mji mdogo wa Wales, jirani na Lewiston. Mtu aliyezoea moramu ya Kitale au Uvira anaielewa njia ya namna hiyo mara moja: anajua inataka mgongo katikati ili maji yateremke pande zote mbili, na anajua maji yakisimama imekwisha. Asichokijua ni uzito wa kitu kitakacholala juu yake kuanzia Desemba hadi Machi.

Hebu tupige hesabu. Njia ya mita 100 kwa mita 3, yenye theluji ya sentimita 30, imebeba mita za ujazo 90. Theluji kavu, ile nyepesi inayoanguka usiku wa baridi kali, haizidi sana kilo 100 kwa mita ya ujazo. Hizo ni kama tani 9. Ile ya majimaji ya mwezi wa Machi huzidi hapo mara mbili na zaidi. Portland hupata kwa wastani karibu mita 1.7 za theluji kwa msimu mmoja, na Caribou, kule juu karibu na mpaka wa Kanada, hukaribia mita 3. Koleo ni la ngazi za mlangoni tu.

Mashine ya kupuliza theluji inayoendeshwa na trekta ni nzuri, lakini bei yake ni maelfu ya dola, na kwenye changarawe ina ubaya wake: inameza mawe na kuyarusha mbali kwa nguvu ya kuvunja kioo cha gari au mguu wa mtoto. Bledi ya nyuma ya trekta ndogo hupatikana kwa mamia ya dola, na iliyotumika hupungua zaidi. Mara nyingi inauzwa pamoja na trekta kwa sababu mwenyewe hakutaka kubaki nayo. Kwa mtu mwenye trekta ya nguvu za farasi 20 hadi 40 na njia isiyozidi mita 200, mimi ningechukua bledi bila kufikiri mara mbili, mradi akubali kuibadilisha kwanza.

Bledi hiyo inashikwa na mfumo wa pointi tatu, yaani mikono miwili ya chini inayonyanyuliwa kwa haidroliki na mkono mmoja wa juu unaorefushwa na kufupishwa kwa skrubu. Mkulima yeyote aliyeona Massey Ferguson ikivuta plau anaufahamu. Aliyeubuni ni Harry Ferguson wa Ireland, mtu ambaye mwaka 1909 alikuwa wa kwanza kurusha ndege nchini kwao kabla hajageukia mambo ya kilimo. Alipata hataza yake mwaka 1926, na mwaka 1938 akakubaliana na Henry Ford kwa kupeana mikono tu, bila mkataba wa maandishi. Mwaka uliofuata Ford 9N ikatoka kiwandani. Makubaliano yale yaliishia mahakamani baadaye, kama inavyotokea penye fedha nyingi na karatasi chache, lakini mfumo ukabaki na leo umeenea dunia nzima.

Naitaja historia hii kwa sababu trekta hizo kuukuu bado zimo katika maghala ya Maine, na zinauzwa kwa bei ya kumshawishi mgeni. Ukiinunua 9N au ndugu yake 2N, ujue haidroliki yake haishiki urefu unaoutaka. Inapandisha au inateremsha. Wenzo wa kushikilia kimo ulikuja na 8N mwaka 1947. Tena katika zote tatu, pampu ya haidroliki huendeshwa na shafti ya nyuma, kwa hiyo ukikanyaga klachi, pampu inasimama na bledi hainyanyuki. Jambo hilo utalikumbuka siku unaporudi nyuma kuelekea ukutani. Dawa ya kimo ni minyororo miwili: unaifunga kutoka kwenye bano la mkono wa juu hadi kwenye mikono ya chini, unahesabu pete mpaka bledi inaning'inia sentimita 3 au 4 juu ya ardhi, basi haitashuka zaidi ya hapo hata ukiiachia. Minyororo hii inafaa hata kwa trekta mpya zenye wenzo huo. Haidroliki iliyochoka huvuja polepole, na bledi huteremka bila wewe kuona.

Sasa tuje kwenye marekebisho yenyewe. Yote yana nia moja, nayo inapingana na mazoea ya fundi yeyote mwenye jiwe la kunolea: kuyafanya makali yawe butu.

Jaribu kwanza lile lisilokugharimu hata senti. Bledi nyingi zina pini ya kuzungushia katikati. Ing'oe, izungushe bledi nyuzi 180, uirudishe pini. Sasa tumbo lake limeangalia nyuma, na mgongo wake uliobinuka ndio unaotangulia ukienda mbele. Mgongo huo hauchimbi. Unateleza juu ya changarawe na kusukuma theluji iliyo juu yake. Hadi sentimita 10 hivi kazi inakwenda vizuri. Ikizidi hapo, theluji haijikunji wala haimwagiki pembeni kama inavyotakiwa. Inapanda juu ya bledi na kukurudia nyuma. Faida nyingine ni kwamba ukirudi nyuma, tumbo ndilo linasukuma, hivyo unaweza kulikandamiza lundo la theluji mwisho wa njia. Lakini rudi taratibu. Mikono ya chini na fremu ya bledi nyepesi vilitengenezwa kwa kuvuta. Ukiligonga lundo lililoganda kwa mwendo wa haraka, chuma kinapinda, na lundo la theluji la Februari ni gumu kama ukuta.

Watu wengi hununua viatu vya chuma, zile sahani mbili za mviringo zinazofungwa nyuma ya bledi ili kuinyanyua kidogo. Kwenye lami au ardhi iliyoganda vinafaa. Kwenye changarawe laini vinachimba mifereji miwili, kwa sababu uzito wote wa bledi umekusanyika kwenye sahani mbili ndogo. Mimi sivipendi. Magurudumu madogo ya kushikilia kimo nyuma ya bledi hufanya kazi safi kuliko viatu, lakini ni ghali, na mtu mwenye fedha hiyo angekuwa amekwisha kununua kitu kingine.

Mpira una wapenzi wake. Kipande cha mkanda wa kubebea mawe machimboni, au mkeka mzito wa zizi la farasi unaouzwa katika maduka ya wakulima, hukatwa kwa urefu wa bledi na kubanwa kwa bapa la chuma katika matundu yale yale ya bolti. Usiuache utokeze zaidi ya sentimita 4 au 5, la sivyo utajikunja na kupita juu ya theluji bila kuigusa. Mpira ni mpole kwa changarawe na hausumbui masikio. Kasoro yake ni kwamba hauna nguvu kwa theluji iliyokanyagwa. Alama za matairi hubaki palepale, usiku zinaganda, na asubuhi una reli mbili za barafu hadi barabarani.

Linalonishawishi zaidi ni bomba. Unachukua bomba la chuma lenye kipenyo cha kama sentimita 6 au 7 na ukuta wa milimita 5, urefu sawa na bledi, unalipasua upande mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha unalivisha kwenye makali. Basi. Badala ya ukingo mwembamba unaochimba, bledi sasa inakalia mviringo unaoteleza juu ya kokoto ndogo na kuisukuma theluji iliyo juu yake. Uzito umegawanyika kwenye upana wote, kwa hiyo hakuna mfereji. Na kwa kuwa bomba ni zito, bledi nyepesi inapata kilo za ziada pale chini zinapohitajika.

Kulipasua ndiko kunakotaka utulivu. Mstari mnyoofu juu ya kitu cha mviringo haupatikani kwa macho. Lalisha kipande cha chuma cha pembe, kile chenye umbo la L, juu ya bomba. Kitakaa chenyewe sambamba nalo, nawe pitisha chaki ubavuni mwake. Sogeza kwa unene wa makali ya bledi, ambao kwa kawaida ni milimita 10 hadi 13, ongeza milimita moja au mbili za nafasi, piga mstari wa pili. Kisha kata kwa grainda, lakini usikate mfululizo. Bomba lililotengenezwa kiwandani lina mkazo ndani yake; ukilifungua upande mmoja linaweza kujibana likakishika kisahani cha grainda, na kisahani kikivunjika karibu na uso si jambo la mzaha. Kata sentimita 20, ruka 20, endelea hivyo hadi mwisho, acha lipoe, halafu rudi kumalizia vipande vilivyobaki huku umechomeka kabari ndogo katika sehemu zilizokwisha kufunguka. Miwani na ngao ya uso vaa vyote viwili.

Kulishikilia kuna njia mbili. Fundi wa kuchomelea anaweza kukuwekea masikio matatu ya bapa yanayopanda nyuma ya bledi mpaka kwenye matundu ya bolti zilizopo; hii ndiyo imara. Au unachomelea nati mgongoni mwa bomba mahali patatu, unatoboa katikati ya kila nati, na kukaza bolti zinazoyabana makali kwa ndani. Njia ya pili ni ya haraka, ila bolti hulegea kwa mtikisiko, kwa hiyo zikaze upya baada ya kila theluji kubwa. Usilichomelee bomba moja kwa moja kwenye bledi. Masika yakifika utayataka makali yako kwa kazi ya kusawazisha njia. Ncha mbili za bomba zikate mshazari au zizibe kwa sahani, maana ncha iliyo wazi hunasa kwenye kila jiwe lililochomoza na kujaa theluji inayoganda humo ndani.

Bomba likishakaa, shika mkono wa juu. Huu ndio unaoamua bledi imelala vipi, na watu wengi huuacha pale ulipoachwa na muuzaji. Ukiurefusha, kichwa cha bledi kinaegemea nyuma na makali yanaelekea mbele kama jembe: yanachimba. Ukiufupisha, kichwa kinavutwa kuelekea trekta na makali yanaburuzwa: yanateleza. Kwa theluji ya mwanzo wa msimu fupisha. Januari ardhi ikishakuwa ngumu kama saruji, unaweza kurefusha kidogo upate kukwangua vizuri. Unapoizungusha bledi kinyumenyume, mambo haya yanageuka, basi usikariri idadi ya mizunguko ya skrubu, shuka uangalie.

Upana nao una kanuni yake. Bledi ikigeuzwa mshazari ili imwage theluji pembeni, upana wake wa kazi unapungua. Ya sentimita 183, yaani futi 6, ikiwekwa nyuzi 30 inafyeka kama sentimita 158 tu. Kama matairi ya nyuma yanachukua upana zaidi ya huo, utakuwa unaikanyaga theluji ambayo bledi haiifikii. Pima matairi kwanza, ndipo ununue.

Na hapo kuna udhaifu wa bledi ya nyuma ambao hakuna bomba linaloutibu: trekta inapita juu ya theluji kabla ya bledi. Theluji ya majimaji ikikandamizwa na tairi inakuwa barafu papo hapo. Kwa hiyo usingoje dhoruba iishe. Ikifika sentimita 10 au 15 toka, fagia, rudi ndani, kisha toka tena. Wazee wa kule watakwambia pia uiache theluji ya kwanza kabisa. Usiiguse. Pitisha gari juu yake mara kadhaa mpaka ishikane na kokoto na kugeuka kuwa ganda gumu. Ganda hilo ndilo litakuwa barabara yako hadi Machi, na bledi itateleza juu yake bila kugusa hata kokoto moja. Kijana wako atasimama kibarazani akuulize, "Papa, mbona hujamaliza?" Mwambie umemaliza, hizo sentimita 3 zimeachwa kusudi.

Ganda lina adui wake, nazo ni zile siku mbili tatu za joto zinazojipenyeza karibu kila Januari. Mvua inanyesha juu ya theluji, usiku baridi inarudi, na njia inakuwa kioo. Bomba halina msaada hapo. Livue, tumia makali matupu kukwaruza ili uso upate mikwaruzo, kisha mwaga mchanga. Chumvi usiimwage kwenye changarawe: inayeyusha juu, maji yanaingia kati ya kokoto, na unajitengenezea tope katikati ya majira ya baridi.

Trekta yenyewe inataka uzito na meno. Bledi ni nyepesi, haikandamizi matairi ya nyuma kama inavyofanya plau iliyozama ardhini. Jaza matairi maji yaliyochanganywa na dawa isiyoganda, au fungia vyuma vya uzito kwenye rimu. Minyororo kwenye matairi ya nyuma ndiyo inayotenganisha trekta inayofanya kazi na trekta inayozungusha magurudumu mahali pamoja. Kama njia yako ina mwinuko wowote, inunue kabla ya bomba. Dizeli ya kawaida, baridi ikikaribia nyuzi 10 chini ya sifuri, huanza kutoa nta inayoziba chujio. Tia dizeli ya majira ya baridi, au dawa ya kuzuia nta, kabla baridi haijafika, maana dawa ikitiwa baada ya nta kuganda haisaidii sana. Usiiwashe trekta ndani ya banda lililofungwa ukingoja ipate joto; moshi wake una gesi inayoua isiyo na harufu ya kukuonya. Funga mkanda ikiwa trekta ina fremu ya kukulinda ikipinduka, na kama haina fremu hiyo, kaa mbali na kingo za mitaro.

Oktoba, kabla ardhi haijakaza, pigilia vigingi virefu kila upande wa njia, hasa penye kona, penye mdomo wa kalavati na penye mfuniko wa tangi la choo. Theluji ikishafunika vyote, macho hayakumbuki. Theluji za mwanzo wa msimu, baada ya ile uliyoiacha iwe ganda, zisukume mbali kuliko unavyoona inahitajika, mita moja au mbili nje ya njia. Kingo zinaganda, theluji inayofuata inaegemea juu yake, na mtu aliyekuwa mvivu Desemba hujikuta Februari na njia isiyopitisha lori la kuni au gari la zimamoto.

Kwenye makutano na barabara ya mji, sheria ya Maine inakataza kusukuma theluji yako na kuiacha barabarani. Isukume pembeni, upande wako. Greda la mji nalo litakuletea yake, ukuta mzito mlangoni kwako, mara tu unapomaliza. Hilo halizuiliki lakini linapunguzika: simama ukiielekea barabara, na upande wako wa kushoto, ambako greda linatokea, safisha eneo la mita kadhaa kandokando ya barabara. Greda litamwaga mzigo wake humo kabla halijafika mdomoni pa njia yako.

Kwa mwenye njia ya changarawe na fedha ya kuhesabu, mpangilio wangu ni huu: minyororo ya matairi, kisha bomba, kisha vigingi, na viatu vya chuma mwachie muuzaji. Fanya kazi ya bomba Septemba, wakati fundi wa kuchomelea hana foleni na vidole vyako bado vinaweza kushika nati.